Safari ya Mafia: Papa Mkubwa Asiyeuma Mtu

Mtoto wa Laela akisikia neno "Papa", mawazo yake huenda Roma kwa Baba Mtakatifu. Papa wa pili, yaani yule samaki wa baharini, hamjui ila kwa picha za sinema: meno kama msumeno, pezi linalokata maji, na watu wanaokimbilia ufukoni kwa makelele. Wala si ajabu. Kutoka kwetu mpaka pwani ni zaidi ya kilomita elfu moja. Samaki wetu ni migebuka na dagaa wanaopanda kutoka Kasanga, na wale wa Ziwa Rukwa. Mamba twamwogopa, kiboko twamkimbia. Lakini habari za papa tumewaachia watu wa pwani.

Basi, ndugu msomaji, leo nataka kukupeleka mahali ambapo watu hutoka nchi za mbali, hulipa fedha zao, hupanda mashua, kisha hujitumbukiza baharini kwa hiari yao wenyewe karibu na papa mwenye urefu wa basi dogo. Mahali hapo pamo katika nchi yetu, napo ni kisiwa cha Mafia, Mkoa wa Pwani. Tena tutaona kwamba habari za papa huyu zatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari, maana shauri lililoko kati yake na wavuvi wa Mafia ni shauri lile lile lililoko katika ziwa letu.

NJIA YA KWENDA

Ukitoka Laela unashika barabara ya lami mpaka Tunduma, kisha Mbeya. Ukiisha kupita Mbeya na kuingia nchi ya Usangu, itazame mito unayoivuka. Pale Igawa barabara huvuka mto Mbarali. Abiria wengi hawauoni, kwa kuwa wamesinzia au wanapatana bei na wauzaji dirishani. Kumbe maji yale nayo yako safarini, tena yanakwenda huko huko uendako wewe! Mbarali huingia Ruaha Mkuu, Ruaha huingia Rufiji, na Rufiji hutoka baharini kwa midomo mingi, ikitazamana na Mafia. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Ukifika Dar es Salaam ziko njia mbili. Mwenye fedha hupanda ndege ndogo, na muda si mrefu ameshuka Kilindoni. Sisi wengine hushika barabara ya Kilwa, tukapita Mkuranga mpaka Bungu, kisha tukakata kushoto kwenda bandari ndogo ya Nyamisati katika wilaya ya Kibiti. Hapo husubiriwa kivuko. Chombo hupita kwanza kati ya misitu ya mikoko, miti ile inayoota ndani ya maji ya chumvi mizizi yake ikiwa nje kama miguu ya buibui. Halafu mikoko hubaki nyuma, maji hubadilika rangi, na chombo huanza kupanda na kushuka. Hapo watu wa bara hunyamaza, na wale waliokula sana kabla ya safari hujuta.

Kisiwa kikubwa cha Mafia kina urefu wa kilomita hamsini hivi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 60,000 katika wilaya hiyo. Kazi zao ni uvuvi, nazi na mashamba. Wengi ni Waislamu, watu wa salamu ndefu na sauti ya chini. Mji wao mkuu ni Kilindoni, upande wa magharibi. Upande wa mashariki viko visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Na huko Juani yamesimama magofu ya Kua, mji wa kale wa mawe.

Msomaji wa Kasanga atapenda kusikia jambo moja zaidi. Katika vita kuu ya kwanza, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika midomo ya Rufiji. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, na baadaye wakarusha ndege zao kutoka kisiwani kuipeleleza. Tarehe 11 Julai mwaka ule manowari ikaishia pale pale mtoni. Wajerumani waliitoa mizinga yake, na mmoja ulisafirishwa mpaka Kigoma, ukafungwa juu ya meli Graf von Goetzen. Meli hiyo ndiyo Liemba, ambayo wazee wetu wengi wameipanda. Kwa hiyo Mafia na nchi yetu zilifahamiana zamani.

POTWE NI SAMAKI GANI?

Watu wa Mafia humwita papa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote walioko duniani. Nyangumi humpita kwa ukubwa, lakini nyangumi si samaki: hupumua hewa kwa mapafu na kunyonyesha watoto wake. Potwe ni samaki kweli kweli. Hupumua kwa matamvua, na mkia wake umesimama wima, ukipigwa kushoto na kulia, hali mkia wa nyangumi umelala na kupigwa juu na chini.

Potwe aliyekomaa aweza kupita mita 12, na wako waliopimwa wakawa wakubwa zaidi. Wale wa Mafia aghalabu wana mita 4 hadi 9, kwa kuwa wengi wao ni vijana, tena vijana wa kiume. Wamekusanyika hapo kama vijana wa kijiji wanavyokusanyika mahali penye chakula. Majike wakubwa hawaonekani sana. Hata namna wanavyozaa ilikuwa fumbo mpaka mwaka 1995, alipovuliwa jike mmoja huko Taiwan akiwa na watoto mia tatu tumboni. Ndipo wataalamu wakajua kwamba potwe hatagi mayai nje, bali huzaa watoto walio hai.

Mgongo wake ni wa rangi ya kijivu au samawati iliyoiva, nao umejaa madoa meupe yaliyopangwa kwa mistari. Huko Kenya baadhi ya wavuvi humwita papa shilingi. Husema kwamba Mungu alipokwisha kumuumba alimpenda mno hata akamrushia fedha mgongoni, zikabaki pale pale zikimetameta. Madoa hayo yana kazi leo. Kila potwe ana mpango wake wa madoa, usiofanana na wa mwingine, kama alama za vidole vya mtu. Wataalamu humpiga picha ubavuni, nyuma ya matamvua, kisha mashine ya kompyuta huifananisha na picha za zamani. Hesabu inayotumika ilibuniwa kwanza na wanajimu kwa kutambua nyota za mbinguni. Kwa njia hiyo hutambua kwamba potwe huyu wa leo ndiye yule wa miaka iliyopita.

Je, anakula nini mnyama mkubwa namna hiyo? Hapo ndipo mtu wa bara anaposhangaa. Kinywa chake ni kipana, aweza kukifungua zaidi ya mita moja. Ana meno elfu kadhaa, lakini kila moja ni dogo mfano wa punje ya ulezi, wala hayatafuni kitu. Huogelea akiwa ameachama, maji huingia kwa kinywa na kutoka kwa matamvua, na vidudu vilivyomo hubaki ndani kama unga unavyobaki katika chekeche. Chakula chake kule Mafia ni hasa uduvi wadogo sana, ambao ukiwateka katika kiganja huwaoni vizuri. Samaki aliye mkubwa kuliko wote huishi kwa viumbe walio wadogo kuliko wote!

Sasa ukumbuke mto Mbarali. Kwa nini uduvi ni wengi mbele ya Kilindoni kuliko mahali pengine? Sababu inayotajwa na wengi ni mto Rufiji. Mto huo hukusanya maji ya Usangu, ya Kilombero na ya nchi nyingine nyingi, ukabeba udongo na rutuba mpaka baharini. Rutuba hulisha mimea midogo ya majini, mimea hulisha uduvi, na uduvi humlisha potwe. Kama vile mbolea ya majani yaliyofukiwa katika tuta la Kifipa inavyolisha mahindi ya mwaka unaofuata, ndivyo udongo wa bara unavyolisha bahari.

Zamani ilidhaniwa kwamba potwe ni mgeni wa msimu tu, maana huonekana juu ya maji kuanzia Oktoba hadi Machi, kisha hupotea. Wataalamu wakawafunga baadhi yao vifaa vidogo vinavyotoa mlio, wakaweka vipokezi chini ya bahari. Mwaka 2015 walitangaza waliyoyaona: wengi wao hawaendi mbali. Miezi ile wasipoonekana hushuka kilindini na kusogea mbali kidogo na pwani, lakini wapo. Kumbe ni wenyeji wa Mafia, kama wavuvi wenyewe!

KUINGIA MAJINI

Nilifika Kilindoni mwezi wa Novemba, bahari ikiwa shwari. Nahodha wa mashua alikuwa mzee aliyevua samaki tangu utoto wake.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Watokea wapi?"

"Natoka Laela, kule Sumbawanga."

"Sumbawanga!" Akacheka mpaka akashika ukingo wa mashua. "Basi wewe ndiwe wa kuogopwa, wala si potwe."

Nikamwambia kwamba hayo ni maneno ya watu, na kwamba kwetu tunalima mahindi na maharage kama watu wengine. Akasema, "Na huyu potwe naye amesingiziwa, mwanangu. Jina la papa limemponza."

Tulipokuwa tukienda alitupa masharti, nasi tulikuwa watu sita tu. Usimguse. Usimkinge mbele. Usimrukie kutoka juu ya mashua, bali shuka polepole ubavuni. Kaa mbali naye hatua kadhaa, na mkiani zaidi, kwa sababu mkia ule ukikupiga bila kusudi utavunjika mbavu. Usimpige picha kwa taa ya mwako. Na yeye akizama, mwache aende zake.

Kwa potwe watu hawavai mitungi ya hewa. Yeye hula juu juu, na mtu huogelea juu juu. Kila mmoja hupewa miwani ya kuzamia, mrija wa kuvutia hewa unaotokeza juu ya maji, na mapezi ya kuvaa miguuni. Asiyejua kuogelea sawasawa huvaa koti la kuelea au hubaki mashuani, wala hachekwi. Hata kutoka mashuani huonekana vizuri, kama kivuli kikubwa chenye madoa, na ncha ya pezi ikikata maji.

Mzee alinyosha kidole. Ndege wa baharini walikuwa wakizunguka mahali pamoja, na maji chini yao yalichemka kama sufuria. Tukashuka. Mwanzoni sikuona kitu ila maji ya kijani yenye vumbi vumbi, na vumbi lenyewe ndio uduvi. Halafu mbele yangu ukatokea mdomo. Sikuona kichwa wala macho, niliona mdomo tu, mpana kama mlango wa ghala, ukija wazi. Moyo ulinipiga. Nikajisogeza kando kama nilivyoagizwa, naye akapita. Kwanza kichwa bapa na jicho dogo pembeni, kisha matamvua yakifunguka na kufunga, kisha mgongo wenye madoa, mrefu, usioisha, na samaki wadogo waliojibandika chini ya tumbo lake. Mwisho ukaja mkia, mrefu kama mtu mzima, ukienda taratibu kushoto na kulia. Alikuwa na mita sita hivi. Hakunitazama wala hakunijali. Alikuwa kazini.

WAZAMIAO KWA MITUNGI

Wale wanaotaka kwenda chini zaidi huenda upande wa pili wa kisiwa, katika ghuba ya Chole. Huko ndiko iliko hifadhi ya bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, nayo ilikuwa hifadhi ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Ina kilomita za mraba 822, na ndani yake zimo aina zaidi ya 400 za samaki, pamoja na kasa, taa na matumbawe ya kila rangi. Mzamiaji mwenye bahati hukutana na papa wa miamba, ambao ni wadogo kuliko potwe na wenye meno ya kweli. Nao mara nyingi ndio wanaokimbia.

Chombo cha kuzamia kilibuniwa huko Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau, askari wa majini, pamoja na mhandisi Émile Gagnan. Mtu hubeba mgongoni mtungi wa chuma wenye hewa iliyoshindiliwa. Mpira hutoka mtungini mpaka kinywani, na katikati kipo kifaa kinachompa hewa kila anapovuta pumzi, kwa nguvu iliyo sawa na ya maji yanayomzunguka. Siri ya kazi yote imo humo, maana kila mita 10 ushukazo maji huongeza kukugandamiza kwa nguvu iliyo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya bahari.

Kwa sababu hiyo yako mambo mawili ambayo mzamiaji hana ruhusa kuyasahau. La kwanza, asizuie pumzi anapopanda. Hewa aliyoivuta kwenye mita 20 huzidi mara tatu akifika juu, na mapafu yaliyofungwa yanaweza kupasuka. La pili, apande polepole. Huko chini, sehemu ya hewa iitwayo nitrojeni huingia katika damu na nyama za mwili. Akipanda upesi, nitrojeni hugeuka mapovu, kama soda inapofunguliwa ghafula, na mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa siku kadhaa kwanza, wala hazami peke yake kamwe. Kwa anayeanza, mwisho wake ni mita 18.

Wala jambo hili si la bahari tu. Hata Kipili, katika Ziwa Tanganyika, wageni wamezamia kwa mitungi kuwatazama wale samaki wadogo wa mawe wenye rangi nyingi, ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani.

NANI AMWOGOPE NANI?

Yafaa tuseme kweli kuhusu papa. Wako papa wanaoweza kumwua mtu. Lakini duniani kote, katika bahari zote, watu wanaouawa na papa kwa mwaka mmoja huwa kumi hivi au pungufu. Mamba wa Afrika peke yao huua wengi kuliko hao mara nyingi, na sisi tulio karibu na Ziwa Rukwa hatuhitaji kuelezwa.

Sasa tutazame upande wa pili. Wataalamu waliohesabu papa na taa wa bahari kuu walitangaza mwaka 2021 kwamba tangu mwaka 1970 idadi yao imepungua kwa asilimia 71. Wengi walivuliwa kwa ajili ya mapezi yao, yanayopikwa supu katika nchi za Asia, na wengine walinaswa katika nyavu zilizotegewa samaki wengine. Potwe mwenyewe aliandikwa mwaka 2016 katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Basi mwenye haki ya kuogopa ni papa.

Mafia hawamwindi potwe. Lakini hatari yake iko katika jambo la kila siku, nalo ndilo kiini cha habari yangu.

SAHANI MOJA, WALAJI WAWILI

Palipo na uduvi, huja dagaa na samaki wengine wadogo. Palipo na dagaa huja mvuvi na wavu wake wa kuzungushia. Na potwe yupo pale pale. Wavuvi wamemjua tangu zamani kuwa ni dalili njema: ukimwona potwe, tupa wavu, maana samaki wako chini yake. Hivyo mara kwa mara wavu ukizungushwa, yeye naye yumo ndani. Mnyama wa tani kadhaa akitaka kutoka, hutoka, na wavu ukabaki matambara. Au huzongwa na kamba, akajeruhiwa, hata akafa.

Mvuvi hodari hulegeza ile kamba ya juu yenye maboya, wavu ukashuka kidogo, potwe akapita juu yake. Lakini na dagaa hupita pamoja naye. Nilimwuliza mzee nahodha kama kila mvuvi hukubali hasara hiyo. Alikaa kimya kwanza.

"Mwanangu," akasema, "mgeni hulipa kumwona potwe. Lakini wavu wangu ukipasuka usiku, nani hulipa?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kusema wanyama walindwe. Mvuvi wa Kilindoni ana watoto wa kusomesha, wavu ameununua kwa mkopo, na usiku mmoja wa hasara humrudisha nyuma miezi mingi. Tena fedha za wageni humfikia nahodha, mpishi na mwenye hoteli kwanza. Aliye majini usiku husikia habari zake tu.

Hata hivyo liko jibu, nalo limekwisha kujaribiwa. Katika jimbo la Gujarat, huko India, zamani wavuvi waliwaua potwe kwa mamia ili kupata mafuta ya ini lao na nyama. Serikali ya India ikakataza mwaka 2001, lakini katazo peke yake halikutosha. Mwaka 2004 mhubiri wa Kihindu anayeheshimiwa sana, Morari Bapu, aliwaambia watu kwamba potwe ni kama binti aliyeolewa mbali ambaye amerudi kwa wazazi wake kujifungua. Nani atamwua binti yake mlangoni? Maneno hayo yaliwaingia wavuvi. Lakini hayakuachwa yasimame peke yake. Uliwekwa mpango kwamba mvuvi akimkuta potwe katika wavu, aukate wavu, apige picha, kisha alipwe fidia. Tangu hapo wamefunguliwa potwe kwa mamia. Hapo waonekana viguzo viwili vilivyotegemeza kazi ile: moyo uliogeuka, na fidia iliyolipwa kwa haki. Ukiondoa kimoja, kingine hakisimami.

Na faida ipo. Potwe akifa, huliwa au huoza mara moja, habari yake ikaisha. Akiwa hai huwaonyesha wavuvi mahali penye samaki, tena huwaleta wageni mwaka baada ya mwaka, na vijana wa Kilindoni hupata kazi ya mashua na ya kuongoza. Nahodha wetu mwenyewe aliniambia kwamba leo siku za wageni humlisha kuliko siku za wavu. Lakini hilo lamhusu yeye. Lifanywe liwahusu na wenzake, ndipo potwe atakapokuwa salama.

NA SISI WA UFIPA?

Msomaji aweza kusema: hayo ni ya Mafia, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo wa samaki wa baharini. Mababu wa dagaa hao walikuwa wa maji ya chumvi, wakaingia bara zama za kale, wakazoea maji matamu. Huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi. Nao mgebuka huwafuata dagaa, kama vile samaki wakubwa wa Mafia wafuatavyo samaki wadogo. Ni sahani moja, walaji wengi.

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Shabaha ilikuwa kuwaacha samaki wazae na kukua. Sote twakumbuka manung'uniko. Mvuvi wa Kasanga aliuliza swali lile lile la mzee wa Kilindoni: hasara hii ni ya nani? Na mama wa Laela aliyezoea kitoweo cha dagaa kwa ugali wa ulezi aliuliza atapika nini.

Wote wawili wana haki ya kuuliza. Na wenye kuamuru wana wajibu wa kujibu, kwa kazi nyingine ya kushika miezi ile, kwa mikopo isiyodai ziwa likiwa limefungwa, kwa kuwaita wavuvi katika shauri kabla ya tangazo badala ya baada yake. Lakini na sisi tunao wajibu. Wavu wa matundu madogo mno, unaozoa hata vifaranga, tusiununue wala tusiuuze. Dagaa wasiofikia hata nusu ya kidole, tusiwashangilie sokoni kwa kuwa ni rahisi. Anayenunua vifaranga leo anamlipa mtu ili alimalize ziwa.

Mwenye nafasi ya kufika Mafia, na afike kati ya Oktoba na Machi. Ashike njia ya Nyamisati, amtafute nahodha anayefuata masharti, na kama hajui kuogelea aone kutoka mashuani. Tena wazazi walio karibu na maziwa yetu wawafundishe watoto wao kuogelea mahali salama pasipo mamba, maana maji huua watoto wengi wasio na hatia, wala hayahitaji meno.

Na yule ambaye hatafika kamwe asione amekosa kitu kikubwa. Mkulima wa Ufipa hali mbegu zote hata mwaka wa njaa. Hufunga kibuyu chake akakitundika juu ya moshi, maana ajua kwamba mvua itarudi. Bahari na ziwa navyo vina kibuyu chao cha mbegu. Akiba haiozi.